Dume la Nyuki Hafukuzwi kwa Sababu ya Uvivu

Kila muhula unapokaribia mwisho, bumu limekata na mitihani iko mlangoni, mfano wa nyuki huanza kutembea chuoni. Utausikia kwenye kampeni za serikali ya wanafunzi, utausikia kwenye vikundi vya asaimenti, utausikia hata kwenye vikao vya bweni: "Tazameni nyuki, ndugu zangu! Baridi ikianza, dume asiyefanya kazi anatupwa nje ya mzinga. Na sisi tuwatupe kupe wetu." Watu wanapiga makofi, na aliyeusema anakaa chini akijiona mwanafalsafa.

Mimi nasema mfano huo umekatwa katikati. Aliyeuleta ameona mzoga wa dume mlangoni mwa mzinga, ndani hakuchungulia. Na ingekuwa ni maneno ya kupamba hotuba tu, ningenyamaza. Lakini mfano huu siku hizi unaamua mambo: nani jina lake linafutwa kwenye kazi ya kikundi, nani anaondolewa chumbani kwa kushindwa kuchangia umeme, nani anastahili kusaidiwa na mfuko wa dharura wa wanafunzi. Hoja inayozunguka sasa hivi ni kwamba mfuko huo uwahudumie waliolipa michango yote tu, na anayeitetea hakosi kumtaja nyuki. Mfano unaokata sahani ya mtu inabidi uwe wa kweli. Kwa hiyo twende mzingani.

Kwanza majira. Kisa hiki si cha Tabora wala Kitui. Ni cha Ulaya na Amerika Kaskazini, kwenye majira ambayo vitabu vyetu huyaita vuli, na neno hilo linatupoteza. Kwetu vuli ni mvua. Oktoba hadi Desemba, pwani na kaskazini, ardhi inarudi kijani, maua yanatoka, nyuki anapata riziki. Vuli ya kwao ni kinyume chake kabisa: majani yanapukutika, mchana unafupika, maua yanakwisha, na nyuma yake inakuja miezi ya baridi ambayo nyuki anashindwa hata kutoka nje. Kwa Kiswahili chepesi, vuli yao ni siku ya kufunga ghala. Kilichomo ndicho kitakacholiwa mpaka maua ya mwaka unaofuata.

Mzinga unaingia majira hayo na hesabu nzito. Kwenye miezi ya joto kundi kubwa lina malkia mmoja, vibarua kama 40,000 hadi 60,000, na madume mia kadhaa au hata elfu chache. Kwenye nchi za baridi kali kundi linahitaji asali kama kilo 20, pengine zaidi, ili livuke salama. Hakuna bumu la pili. Asali ikiisha Februari, wote wamekufa, mchapakazi na asiye mchapakazi.

Sasa huyu dume anayesemwa. Ana mwili mnene na macho makubwa yanayokaribia kukutana utosini. Hana mwiba, kwa hiyo hawezi kulinda mlango. Ulimi wake ni mfupi, hana vikapu vya kubebea chavua miguuni, hana tezi za kutengeneza nta. Ukimwambia akachume, unamwambia samaki apande mnazi. Umbo lake lote limetengenezwa kwa kazi moja: kuruka alasiri, kwenda mahali angani ambapo madume wa mizinga mingi hukusanyika, na kumkimbilia malkia kijana anapopita. Wengi hawampati maishani mwao. Anayempata hufa pale pale, maana kiungo chake hung'oka na kubaki mwilini mwa malkia. Jamani, kazi ambayo ukifaulu unakufa, hiyo ndiyo mnaiita kula bata?

Matunda ya kazi hiyo hayaishii siku ile. Malkia hufanya safari hizo za angani mara chache tu, akiwa kijana, na hukutana na madume kama 12 hadi 20. Mbegu anazihifadhi kwenye kifuko kidogo mwilini na kuzitumia miaka miwili, mitatu, pengine zaidi. Kila kibarua mzingani ametokana na yai lililorutubishwa na akiba hiyo. Kwa hiyo yule kibarua anayemkokota dume kwa bawa kumtoa nje ana baba, na baba yake alikuwa dume aliyekufa zamani bila kumwona mwanawe. Utafiti wa Heather Mattila na Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kundi ambalo malkia wake alipandwa na madume wengi hujenga masega haraka, huweka akiba kubwa, na hupata nafasi nzuri ya kuvuka baridi kuliko kundi lenye baba mmoja. Yaani hata hilo ghala la asali wanalogombania lina mkono wa madume ndani yake.

Liko jambo jingine ambalo wahubiri wetu hawalitaji. Dume anayefukuzwa ni mtoto wa malkia wa mzinga ule ule. Hawezi kumpanda mama yake. Kazi yake iko nje, kwa malkia wa mizinga mingine, na faida yake nyumbani haionekani. Kwa hiyo vibarua, ndugu zake, wangeweza kuapa kabisa kwamba hawajawahi kumwona akifanya chochote. Ndivyo inavyokuwa kwa yeyote ambaye kazi yake inafanyika mahali usipokaa wewe. Na ajabu nyingine: dume hutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo hana baba, ila babu anaye. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1845 na padri mmoja wa Silesia, Johann Dzierzon, na wakubwa wa enzi zake walimbishia kwa miaka mingi.

Tuje kwenye kufukuzwa kwenyewe. Watu wanadhani ni siku moja ya hasira: vibarua wamechoka, wanasema sasa basi. Wanaofuatilia mizinga wanajua ni mlolongo mrefu. Chavua na nekta vinapopungua, vibarua huacha kwanza kujenga vyumba vikubwa vya kulelea madume. Halafu huacha kuwalea, na majana ya madume yaliyobaki huondolewa. Halafu hupunguza kuwalisha madume wakubwa, wakiwasukuma pembeni mwa masega ambako hakuna asali. Mwisho kabisa, dume akiwa amedhoofika kwa njaa, ndipo hukokotwa mpaka mlangoni, na akijaribu kurudi anazuiwa. Nje kuna baridi, na hajui kujitafutia. Imekwisha hapo.

Aliyetupa ushahidi wa kwanza mzuri wa jambo hili hakuwa na macho. François Huber wa Geneva, Uswisi, alikuwa kipofu, na alitazama nyuki kupitia macho ya msaidizi wake, François Burnens. Mwaka 1787 waliweka mizinga sita juu ya meza ya kioo, Burnens akalala chini akitazama juu, na Julai mwaka huo wakashuhudia vibarua wakiwaua madume katika mizinga yote sita. Lakini Huber hakuishia hapo, na hapa ndipo mfano wetu wa chuoni unapovunjika mguu. Alikuta kwamba mzinga usio na malkia hauwafukuzi madume. Mzinga wenye malkia ambaye hajapandwa nao huwaacha. Wafugaji wa Ulaya hadi leo wakiona madume wengi wamestarehe mzingani mwishoni mwa vuli, hawasemi "hawa nyuki wana huruma". Wanafungua mzinga kukagua kama malkia yupo na kama ni mzima.

Fikirini hapo kidogo, wasomi. Dume ni yule yule. Uvivu wake, kama mnauita uvivu, ni ule ule. Asali anayokula ni ile ile. Mzinga huu unamtupa, jirani unamlisha. Kilichobadilika ni mahitaji ya mzinga, tabia ya dume haijabadilika hata chembe. Kama angekuwa anaadhibiwa kwa kutofanya kazi, angefukuzwa Mei, maana Mei nako hachumi. Anafukuzwa kwa sababu majira ya malkia vijana yamekwisha na ghala limefungwa. Hiyo ni hesabu. Kuiita hesabu hiyo haki, au adhabu, au somo la maadili, ni sisi tumebandika.

Na malkia je? Kwenye hotuba za chuoni malkia ni prezidaa: anakaa juu, anatoa amri, wazembe wanaondolewa. Hakuna amri. Malkia hamfukuzi dume yeyote. Vuli inapoingia, yeye mwenyewe anapunguziwa chakula na vibarua, na mayai yake, ambayo kwenye miezi ya joto yanaweza kufika 1,500 au hata 2,000 kwa siku, yanapungua mpaka baridi kali inapofika anaacha kutaga kabisa. Hata swali la lini ataga yai la dume linategemea ukubwa wa chumba walichojenga vibarua. Yeye hupima kwa miguu ya mbele, kisha hutaga. Akichoka au akiishiwa mbegu, vibarua hao hao hulea malkia mwingine wa kumrithi. Cheo chake ni kikubwa, sikatai, na harufu yake ndiyo inayoliweka kundi pamoja. Lakini anayetafuta mtawala mle ndani atarudi mikono mitupu.

Hapo hapo pana bei ya kufukuza ambayo hatuambiwi. Ikitokea malkia akafa au akachakaa mwishoni mwa vuli, vibarua wanaweza kulea malkia mpya, lakini nani atampanda? Madume wamekwisha kutupwa, wao na wa majirani. Malkia huyo atabaki bila kupandwa, na mayai yake yatatoa madume watupu. Kundi linakufa polepole likiwa na asali ndani. Nyuki wameikubali hatari hiyo kwa kuwa kwenye baridi yao, kwa kawaida, inalipa. Lakini tusiseme eti hawakupoteza kitu.

Binadamu tumekuwa tukimtumia nyuki kusema tunachotaka tangu zamani. Hesiodo, mshairi wa Ugiriki ya kale, aliwafananisha wanaume wavivu na madume wa nyuki katika utenzi mmoja. Katika mwingine akawafananisha wanawake na madume hao hao. Mdudu mmoja, lawama mbili, kutegemea mshairi amekasirikiwa na nani siku hiyo. Plato naye aliwaita madume wale aliowaona wanaharibu dola. Kwa karne nyingi Ulaya iliamini kiongozi wa mzinga ni mfalme, kwa sababu walikotoka wao watawala walikuwa wafalme; Charles Butler alipochapa kitabu chake Uingereza mwaka 1609 akisisitiza kwamba huyo ni jike, kwao ilikuwa habari kubwa. Nyuki hakubadilika. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyobadilika.

Na kama ni lazima nyuki awe mwalimu wetu, kwa nini tumwajiri wa Ulaya? Nyuki wetu wa nyanda za Afrika Mashariki hawana vuli ya majani kupukutika. Wana kiangazi, wana moto wa porini, wana miezi ya ukame. Maua yakikata, nao hupunguza madume, hilo ni kweli. Lakini mara nyingi hufanya jambo jingine: wanahama. Malkia anapunguza kutaga, majana yaliyobaki yanaachwa yakomae mpaka yatoke, asali inabebwa matumboni, kisha kundi zima linaondoka kufuata maua mahali pengine, malkia naye akiwemo. Mfugaji wa Tabora au Katavi anayetundika mizinga ya magome anajua kabisa kwamba kuna miezi mzinga utabaki mtupu, na kuna miezi watarudi. Kwa nini hakuna mgombea hata mmoja aliyewahi kusimama akasema, "Tazameni nyuki wetu, njaa ikija wanasubiri wadogo wakomae ndipo wanahama"? Kwa sababu anayetafuta ruhusa ya kufukuza hachagui mfano wa namna hiyo.

Najua jibu litakalokuja. "Kwa hiyo tuwaachie wazembe? Sisi tunapiga msuli mpaka alfajiri, mtu anatokea siku ya kukusanya kazi anaomba jina lake liongezwe, na wewe unamtetea kwa biolojia?" Hapana. Hoja hiyo ina haki yake na siipuuzi. Wapo watu wa hivyo, kila darasa linao, na maumivu yake tunayajua: alama mnapata sawa, usingizi hamkupata sawa. Mtu wa namna hiyo aambiwe ukweli, na akiendelea, jina litoke. Ninachokataa ni kumwita dume la nyuki, kwa sababu neno hilo linamaliza maswali kabla hayajaulizwa. Dume wa nyuki hawezi kujifunza kuchuma. Binadamu anaweza. Dume hana rufaa. Mwanafunzi anayo, au anapaswa kuwa nayo. Dume hana sababu nyingine ya kutoonekana. Mwanafunzi mwenzako asiyeonekana kwenye kikundi pengine anauza chipsi usiku ili alipe pango, pengine hana kompyuta na anaona aibu kusema, pengine anaumwa. Pengine kweli anakula bata. Huwezi kujua bila kumuuliza, na kumwita dume ni njia ya kutomuuliza.

Kuhusu mfuko wa dharura, hoja ya "waliolipa tu" inapinduka yenyewe. Mfuko uliwekwa kwa ajili ya aliyekwama. Aliyekwama sana ndiye asiyelipa mchango. Ukisema asiyelipa asisaidiwe, umeweka mwavuli ambao ni marufuku kuutumia mvua ikinyesha. Anayeweza kulipa na hajalipa adaiwe, kwa utaratibu, na aliyeshindwa aeleze hali yake kwa siri mbele ya watu wawili watatu wanaoaminika. Hilo linahitaji kazi kidogo zaidi ya kupiga makofi kwenye kikao.

Somo la kweli la mzingani, kwa maoni yangu, ni la ratiba. Nyuki hawaanzi kuhesabu asali siku ghala linapokauka. Wanaanza kupunguza matumizi mapema, kwenye vyumba na malezi, na kumfukuza aliye hai ni hatua ya mwisho kabisa. Sisi tunaanzia mwisho. Wiki ya kwanza ni tamasha la kuwakaribisha mwaka wa kwanza, fulana mpya za viongozi, spika za kukodi, picha. Wiki ya kumi na mbili ndipo tunagundua kwamba mfuko hauna kitu, na hapo hapo tunagundua kwamba tuna kupe. Kupe hao mbona hawakuonekana kwenye tamasha, wakati wali ulikuwepo?

Napendekeza mambo matatu, na naomba yajadiliwe kwenye kikao kijacho cha bunge la wanafunzi. La kwanza, fungu la dharura litengwe wiki ya pili ya muhula, kabla ya shilingi yoyote ya burudani, na kiasi chake kibandikwe ubaoni. La pili, kila kikundi cha asaimenti kiandike mgawanyo wa kazi siku ya kwanza, na jina la mtu lisifutwe bila yeye kusikilizwa. La tatu, anayefukuzwa chumbani au kwenye kikundi awe na mahali pa kukata rufaa, hata kama ni kwa watu watatu chini ya mwembe.

Wanasema fuata nyuki ule asali. Tumfuate, lakini tumfuate mpaka ndani. Ukimfuata mpaka mlangoni tu, utakachokuta pale ni mizoga, na utarudi kutuambia ndiyo hekima.